Ukuta Huo Umefika Kidato cha Ngapi?

Ile siku haijanitoka mpaka leo, mwanangu, siku Baba alipokuja kunifundisha hesabu huku amenipa mgongo. Nilikuwa jikoni kwa Nyanya, nachambua maharagwe, nikasikia mtu anaketi nje juu ya rundo la kuni lililoegemea ukuta. Nilimjua kwa kikohozi. Tangu nirudishwe nyumbani kutoka shule hakuwa ameniambia neno hata moja, na niliposikia amekaa karibu hivyo nilifikiri amekuja kunifukuza. Nilishika ungo kwa mikono miwili nikangoja.

"Andika," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani anaongea na mtu mwingine anayepita.

"Andika. Eksi mbili jumlisha wai ni kumi na moja. Eksi toa wai ni moja. Tafuta eksi, tafuta wai."

Kalamu zangu Mama alikuwa amezifungia sandukuni pamoja na sare. Basi nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika hesabu ile kwenye mbao za ukuta, upande wangu. Alama ya jumlisha ikawa kama mguu wa kuku. Nilipomaliza nikasema kwa sauti ndogo, "Eksi ni nne, Baba. Wai ni tatu." Kuni zikasogea, akaenda zake. Kesho yake nikakuta kalamu na karatasi vimepitishwa kwenye ufa kati ya mbao mbili.

Jiko lenyewe ni lile unaloliona pale nje, ambalo siku hizi nimewaachia kuku. Nimekuita leo, Mutwiri, uache duka lako la mbolea huko Nkubu uje unywe chai kwangu, na nimeona jinsi unavyotazama saa. Iweke mfukoni. Jambo hili ulilisikia nusu nusu ukiwa mtoto, nusu nyingine niliiweka. Tumbo ambalo Baba hakutaka kulitazama lilikuwa na wewe ndani. Ulikuwa mtoto wa upande wa mama, kwa hiyo ukapewa jina la Baba. Nawe ulipopata binti wako wa kwanza ukampa jina langu, kama desturi yetu inavyotaka, na ulifanya vizuri. Sasa huyo Kendi wako yuko kidato cha tatu, ana mimba, anasomea nyumbani mpaka ajifungue, na wewe unampa mgongo. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwa sababu najua upande ule wa ukuta ulivyo, nimeukalia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza kufika sekondari katika boma hili, na Baba alikuwa akilitaja jambo hilo kanisani, dukani, hata kwa watu waliouliza njia tu. Halafu nikarudishwa katikati ya muhula. Nyakati zile mambo yalikuwa tofauti na sasa. Leo mwalimu mkuu anakuita, anakwambia mtoto asome mpaka akaribie, ajifungue, arudi darasani. Sisi tulipewa sanduku letu tukaonyeshwa geti, na hakuna aliyekuambia kuna kurudi. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: kujisomea nyumbani na kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtu wa nje, kama utapata mtu wa kukufundisha na kama hutakuwa umeolewa.

Na hapo ndipo palikuwa na shida. Wazee wa huku walikuwa na neno lao kwamba baba asikutanishe macho na tumbo la binti ambaye hajaolewa. Walisema akilitazama, siku ya kuzaa itakuwa ngumu, mtoto atakwama, na pengine mama hataamka. Baba alikuwa amesoma, alikuwa na vitabu vyake na redio yake, lakini neno kama hilo likikuingia ukiwa mdogo halitoki kwa sababu umepata cheti. Mimi sikujua hayo yote. Nilichojua ni kwamba nilihamishwa kutoka nyumba kubwa nikalale jikoni kwa Nyanya, na kwamba Baba akiniona nikitoka kisimani hugeuka akajifanya anakagua kahawa.

Lakini kila jioni akitoka shule alikuja akaketi juu ya zile kuni. Alisoma swali kwa sauti, nikaandika, nikapitisha karatasi kwenye ufa. Vidole vyake viliichukua. Baada ya muda ikarudi ina wino mwekundu. Jiografia tulifanya hivyo hivyo, na Kiswahili, na historia. Biolojia tuliruka sura moja, na unaweza kukisia ni ipi. Kwa muda ule wote nilimjua Baba kwa vidole: kucha fupi, chaki kwenye mikunjo, doa la wino kwenye kile cha shahada. Nilivitazama vile vidole nikitafuta kama vina hasira. Wakati mwingine niliona vina hasira, wakati mwingine nikaona vimechoka tu.

Jina langu hakulitaja hata mara moja. Alisema "andika", "rudia", "ndiyo". Na ukiishi na mtu asiyekuita jina, mwanangu, unaanza kufikiri kwamba pengine anajizoesha. Anajizoesha usipokuwepo. Mimi nilifikiri hivyo kila siku, nikikoroga uji, nikifua, nikijilaza. Niliogopa kuzaa, maana nilikuwa nimesikia wanawake wakisimulia. Lakini niliogopa zaidi kwamba siku moja jioni zile kuni hazitalia, na hakuna mtu atakayenieleza kwa nini.

Yule aliyekuzaa unamjua, sina haja ya kumchafua mbele yako. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kahawa hapa chini, mwenyeji wa Kianjai huko Tigania, mtu mzima aliyenizidi kwa miaka mingi. Leo angepelekwa mahakamani. Wakati ule aliitwa mchumba. Aliposikia habari alirudi kwao akatuma wazee.

Walikuja Jumatano, wazee watatu wenye makoti mazito na bakora. Mimi nikajibanza jikoni, jicho kwenye ufa. Mmoja alikuwa amebeba kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kimekazwa kwa kamba vizuri sana. Ilikuwa miraa, na haikuwa ya kutafuna tu. Huko kwao Tigania miraa iliyofungwa hivyo ndiyo posa. Baba wa msichana akikifungua kile kifurushi akagawa, watu wakatafuna, maneno yamekwisha. Binti ni wa kule. Asipokifungua, bado kuna mazungumzo.

Nilisikia sauti ya mzee mmoja ikitoka nyumba kubwa. "Mwalimu, mtoto asizaliwe kichakani. Sisi tumekuja kwa heshima. Tupe mtu wetu, na hiyo aibu tutaibeba sisi."

Nilimngoja Baba ajibu. Nilingoja mpaka masikio yakauma.

"Nimesikia," akasema Baba. "Rudini Jumamosi."

Wakaenda. Kifurushi kikabaki juu ya kabati la vyombo sebuleni, na Mama ndiye aliyeniletea habari kwamba bado kimefungwa. Lakini hata Mama hakuniletea matumaini. Siku ya Alhamisi niliona anaweka vitu kando: sufuria moja, blanketi, kanga mbili, kikombe changu. Nilimuuliza, "Mama, hivyo ni vya nani?" Akasema, "Ni vya mtu asiyejua kesho yake." Hakuwa mkali alipolisema. Aliniongezea kisu kizuri cha kumenyea viazi, kile alichokipenda mwenyewe, na hapo nikajua kwamba moyoni mwake nilikuwa nimeshaondoka.

Na wewe unaijua miraa, haikai. Siku ya kwanza iko laini, ya pili inaanza kulegea, ya tatu hakuna anayeitaka. Mtu anayetaka kukifungua kifurushi hangoji. Kwa hiyo kila nilipoona Baba anaingia nyumba kubwa nilifikiri, sasa anakata kamba. Kila nilipomwona akitoka nilitazama mashavu yake kama yanatafuna. Unaweza kucheka sasa. Mimi mwenyewe nacheka. Siku ile sikucheka.

Jioni ya Alhamisi kuni zikalia kama kawaida. Baba akasoma swali la eneo la duara kana kwamba hakuna wazee waliokuja duniani. Nililikosea. Nililikosea vibaya, hata sikuandika kipimo. Halafu chini ya hesabu nikaandika kwa herufi ndogo: Baba, utafungua? Nikapitisha karatasi kabla woga haujanirudia.

Vidole vikaichukua. Nilisikia pumzi yake. Kuku walikuwa wanapanda kwenye kitundu chao, na Mama alikuwa anamwita mtu huko kahawani, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta huku wewe unanipiga mateke mbavuni. Karatasi ikarudi. Hesabu ilikuwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Swali langu la chini lilikuwa pale pale, halina alama yoyote. Kuni zikasogea. Akaondoka.

Sijawahi kuogopa vile tena, na nimeona mengi. Sikulala. Niliwaza nitoroke niende kwa shangazi huko Embu, lakini ningeendaje na tumbo lile, na nani angenipokea? Mtu akiogopa peke yake hupata mawazo ya ajabu. Nilifikiria hata kwenda Kianjai mwenyewe kabla ya kupelekwa, angalau nionekane nimechagua.

Sasa sikiliza habari ya Ijumaa. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache, lakini yale machache ulitamani yasikuangukie wewe. Jioni hiyo alipanda kutoka shamba la bondeni na mzigo wa nyasi za ng'ombe mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso. Akamkuta Baba ameketi juu ya kuni, kitabu mkononi, mgongo kwenye ukuta, anasoma swali. Nyanya akasimama. Hakutua mzigo.

"Mwalimu," akasema, "huo ukuta umefika kidato cha ngapi?"

Baba akafunga kitabu.

"Nakuuliza. Kila siku nakuona unaufundisha. Umeshapasi?"

"Mama, wewe unajua kwa nini," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo.

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, naye alifundishwa na wake. Ulikuwa hivi" — nikachungulia, nikaona amepima kwa mkono usawa wa goti — "nikakwambia baba hatazami tumbo la binti yake. Sasa na mimi nakwambia nimekuondolea. Kama kuna laana kwa neno hilo, inijie mimi, nimeshazeeka, haitapata cha kula."

"Na akifa?" Baba akasema. "Mama, nikimtazama halafu afe?"

Mwanangu, nilikuwa nimekaa karibu sana na ufa hata mbao zilinichoma shavu. Muda wote ule nilidhani ananichukia. Kumbe mtu yule alikuwa ameketi pale kila jioni, kwenye baridi na ukungu wa huku kwetu, anaogopa jambo lile lile nililoliogopa mimi, tumetenganishwa na mbao za unene wa kidole.

Nyanya akatua mzigo wake. "Ulipotaka kununua ng'ombe kule Nkubu," akasema, "ulimzunguka asubuhi nzima, ukamwangalia meno. Huyu kesho unataka kumtoa ama kumzuia, na hujamwona hata uso. Lete mikono."

Baba akanyoosha mikono. Nyanya akaitemea mate kidogo kwenye viganja, kama wazee wanavyobariki, akavikunja vile vidole ninavyovijua, akavibana. Halafu akabeba nyasi zake akaenda kwa ng'ombe, kama mtu aliyetoka kumwambia jirani habari ya mvua.

Nilisikia hatua zikizunguka jiko. Mlango ukafunguka. Baba aliinama akaingia, akasimama pale penye mwanga mdogo, akanitazama. Alianza na uso. Kisha akashusha macho taratibu, nikaona jinsi anavyojilazimisha, mpaka yakafika tumboni, akayaacha hapo. Nilijifunika na kanga. Akasema, "Acha."

Kisha akasema, "Kendi."

Nikaitika. Nililia, sikufichi, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

Baba akavuta kigoda akaketi upande wangu wa moto. "Nimekuwa nikiogopa," akasema. "Bado naogopa. Ile ya duara ulikosea wapi?"

Jumamosi wazee walikuja wakaketi. Baba akaja jikoni mwenyewe, akaniambia niinuke, tukavuka uani mchana kweupe, yeye mbele, mimi nyuma na tumbo langu, majirani wanaona. Sebuleni Baba akanivutia kiti karibu na chake. Mzee mmoja akakohoa, mwingine akatazama dari; si jambo walilolizoea.

"Kendi," Baba akasema, "hawa wazee wanataka uende nao. Wewe unataka nini?"

Nilitazama kile kifurushi juu ya kabati, majani ya mgomba yamegeuka rangi ya kahawia. Nikasema, "Nataka kufanya mtihani." Sauti ilitoka ndogo mpaka mzee wa mwisho akauliza, "Amesema nini?" Baba akamrudishia maneno yangu kwa sauti yake ya darasani.

Kisha akainuka, akakichukua kifurushi kwa mikono miwili kwa heshima, kamba haijaguswa, akakiweka mbele ya mkubwa wao. "Mtuwie radhi kwa kuwarudisha njia ndefu," akasema. "Tuko katikati ya somo."

"Somo gani?" mzee akauliza.

"La hesabu."

Mzee yule alikasirika. Aliinuka akasema, "Utazeeka naye hapa nyumbani, Mwalimu. Wewe na vitabu vyako." Baba akawasindikiza mpaka barabarani. Na ni kweli, alizeeka na mimi hapa, akanigawia kipande hiki cha shamba, na sikumbuki alijuta.

Lakini usifikiri woga uliisha siku ile. Ulibadilika sura tu. Sasa Baba alikuwa amelitazama tumbo, na siku ya kuzaa ilikuwa inakuja, na kila mtu katika boma hili alijua kinachosemwa. Mama alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Mimi nikihisi maumivu kidogo nilijiambia, hii ndiyo. Na siku yenyewe ilipofika, mwanangu, ilikuwa ngumu kweli. Uchungu ulinishika tukiwa mezani kwa Baba tunapiga makadirio. Alikimbia mwenyewe kutafuta gari la kubeba majani chai, wakanipeleka hospitali ya misheni, na kuanzia asubuhi mpaka jua likapinduka ulikuwa hujatoka. Muuguzi alisema wewe ni mkubwa na umekaa vibaya. Mimi sikusikia hayo. Mimi nilisikia wazee.

Wanaume hawakuruhusiwa ndani. Baba akazunguka nyuma ya wodi, akakanyaga maua ya watu, akatokea dirishani. Nikamwona uso. Alikuwa na rangi ya jivu, midomo imekauka.

"Kendi!" akaita. "Nitazame. Saba mara sita?"

Nikamwambia anikome. Sijawahi kumtukana Baba ila siku ile.

"Saba mara sita!"

"Arobaini na mbili!" nikapiga kelele.

"Saba mara saba?"

Muuguzi alitaka kumfukuza, akamwona macho yake, akamwacha. Tulipanda hivyo, tukashuka, tukapanda tena. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Sauti yake ilikuwa inakatika. Lakini hakuyatoa macho yake kwangu, na mimi sikuyatoa kwake, mpaka wewe ukalia. Ndiyo maana hesabu za dukani hazikushindi. Ulizifundishwa mapema.

Mtihani nilifanya na kupita, si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini zilitosha kunipa kazi ya kutunza stoo kwenye chama cha kahawa, na kazi hiyo ndiyo iliyokulisha na kukusomesha. Habari yangu inaishia hapo. Sasa tuje kwa yako.

Umemletea Kendi mwalimu wa kumfundisha, kijana mpole anayejua kazi yake. Umemnunulia simu ya masomo na taa nzuri ya mezani. Watu wanakusifu, na mimi nakusifu. Lakini mwalimu akifika wewe unaenda dukani, na mwalimu akitoka wewe bado uko dukani, na siku hizi hata chakula unakula huko huko kati ya magunia. Mke wako ameniambia. Kwamba unaogopa najua, hukuhitaji kuniambia. Unaogopa watu, unaogopa atakwama maishani, unaogopa hospitali. Una jina la baba yangu na unakohoa kama yeye.

Jana nilimtembelea. Akanimiminia chai vizuri, tukaongea habari ya masomo. Halafu akaniuliza, "Shosho, kwani Dadi ananichukia? Hata haniangaliangi. Akiniita anasema tu 'wewe'."

Nikamwambia humchukii. Akanitazama kama mtu anayemsikia mtu mzima akimdanganya.

Kisha akasema, "Dada ya Brayo amenipigia kutoka Embu. Amesema ati niende nikae kwao, kwa sababu huku hamnitaki. Hao angalau wananipigia simu."

Huyo Brayo ndiye kijana wa mimba, bado yuko chuo, hana hata kitanda chake mwenyewe. Na chini ya meza ile ile anayosomea, mwanangu, niliona begi. Nguo zimekunjwa vizuri, na juu yake ameweka kikombe chake. Nilikumbuka kikombe changu kati ya vile vitu vya Mama. Hakufungasha kitabu hata kimoja. Sikumuuliza kitu, niliogopa nikiuliza ataharakisha. Nimekuja nyumbani, sikulala, asubuhi nikakuita wewe.

Basi haya ndiyo maneno yangu, na sisemi na wewe peke yako, nasema na kila mzazi aliye na mtoto kama huyu ndani ya nyumba. Mtoto kusomea nyumbani hakumaanishi afichwe nyumbani. Mwalimu wa kulipwa atamfundisha kupata eksi, lakini yule anayemwogopesha si eksi. Mtafutie mwalimu, lakini na wewe uingie kwenye kile chumba. Mtazame uso kwanza, kisha utazame tumbo, mpaka macho yako yazoee. Mwite jina lake. Kama unaogopa, mwambie unaogopa. Usimwachie akisie, kwa sababu mtoto mwenye mimba akikisia hukisia kwamba hapendwi, na nje wako watu wanaongoja akisie hivyo. Na wakija na simu zao au na wazee wao, usijibu badala yake. Mpe kiti, muulize anataka nini, na sauti yake ikitoka ndogo irudie wewe kwa kubwa. Begi lile usiligombanie. Ukiketi naye kila jioni, atalifungua mwenyewe siku atakapotafuta sweta.

Lete mikono. Usione haya, lete yote miwili. Hivi ndivyo Nyanya alivyomfanyia babu yako pale kwenye kuni. Mungu akupe macho yasiyokimbia. Akupe ulimi wa kuita jina. Mtoto wako azae salama, azae mchana, na wewe uwe dirishani. Nyumba yako isikose mtu wa kuuliza swali wala mtu wa kulijibu. Na neno lolote baya lililowahi kusemwa juu ya jambo hili, kama bado linatafuta mtu, linijie mimi.

Sasa inuka, chai imeshapoa. Usipitie dukani. Nenda moja kwa moja nyumbani, uvute kiti upande wake wa meza, umwite Kendi kwa sauti. Mimi nitaitika hapa.